Spoku ya Baiskeli na Mguu wa Baba Mdogo

Wadogo zangu mnaobaki na meza ya samaki, nimestaafu. Msicheke. Najua umri wangu ni wa kuanza kazi, siyo wa kuacha, lakini meza ile nimeishika tangu shule ya msingi, kila likizo na kila Jumamosi, na sasa nimemaliza kidato cha nne, naenda kusoma mbali. Pale sokoni Mbugani mtu akimkabidhi mwenzake kisu, basi, amestaafu. Mama Lugano, aliyetufundisha kazi sote, alinivua aproni mwenyewe mbele ya wateja, akatangaza kwa sauti. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Kuongea mbele za watu siwezi, mnanijua. Mteja akiniuliza swali nilikuwa namwangalia samaki, namjibu samaki. Ndiyo maana naandika. Mengi ni ya kazi, myatumie. Moja halikutokea sokoni, lilitokea nyumbani kwa baba mdogo, na hilo sijamsimulia mtu yeyote wa pale mezani.

Tuanze na chumvi.

Siku moja mtaletewa kambale wa majaruba ya Busale, amekuja kwa bodaboda ndani ya kiroba chenye majani mabichi, bado anapumua. Utamuua, utatoa kichwa, utatoa matumbo, utamchuna, utamkata vipande. Utashika kipande kimoja kiganjani. Hakina jicho, hakina mdomo, hakina chochote cha kukufanya umwite samaki. Utakinyunyizia chumvi. Na kipande kitacheza.

Kinaanza kwa kutetemeka, kama ngozi ya ng'ombe inapofukuza nzi. Halafu kinajikunja. Unakihisi kinakusukuma kidole, taratibu, kama mtu anayetaka upishe njia.

Mara ya kwanza nilikirusha. Kilimwangukia mapajani mama mmoja mfanyabiashara aliyevuka kutoka upande wa Malawi, alikuwa amekaa kwenye ndoo akisubiri mzigo wake. Alikitazama kikijikunja juu ya kitenge chake, akaniambia kwa upole kwamba huko kwao samaki huwa anapikwa kwanza ndipo anapakuliwa. Watu walicheka. Mama Lugano hakucheka. Alikichukua kile kipande, akakiweka pembeni kwenye kona ya meza, akakifunika kwa kiganja na kukisemesha Kinyakyusa kwa sauti ya chini, kama mtu anavyombembeleza mtoto aliyeshtuka usingizini. Alikuwa anakiambia kirudi kwao. Kisha akaniambia kanuni ya meza yetu: kipande kinachocheza hakiwekwi beseni moja na vingine mpaka kimalize, kwa sababu bado yupo.

Bado yupo. Maneno hayo niliishi nayo miaka. Saa zile za mchana ambapo wateja wamekwisha, joto la Kyela limekaa juu ya bati kama mtu, na hakuna sauti sokoni ila nzi, nilikuwa naogopa kugeukia ile kona. Nilihisi kwamba vile vipande vinajua niko wapi.

Sasa ya kisu. Kambale hana magamba, anateleza kama sabuni, kwa hiyo usimshike kwa nguvu, mshike kwa majivu. Tia majivu viganjani, mfunike na kipande cha kiroba, kisha bana nyuma ya kichwa. Chunga ile miiba miwili ya mapezi ya mbele. Ukichomwa, utamkumbuka kila mtu aliyekuonya. Usimpige na mti ovyo. Zamani mezani walikuwa wanampiga mpaka anyamaze, na alikuwa hanyamazi, nyama inavilia damu na mteja analalamika.

Spoku ilikuja baadaye. Mume wa Mama Lugano ni fundi baiskeli, na siku moja Mama Lugano aliudhika na kambale mmoja aliyekuwa anaendelea kupiga mkia hata baada ya kichwa kuwa kwenye ndoo. Akachukua spoku iliyokuwa kwenye mfuko wa aproni, akaangalia pale shingo ilipokatwa, akaona tundu dogo juu ya mfupa, lenye kitu cheupe, laini, kama uzi wa pamba uliolowa. Akaingiza spoku humo, akaisukuma kuelekea mkiani. Mwili wote ulinyooka. Mkia ulitanuka kama kipepeo. Halafu ukalegea kwa mara moja, na hapo hata ukifinya, hata ukiminya pezi, hakuna jibu.

Nilikuwa nimesimama upande wa mkia. Ukimya ule ulinitisha kuliko kuruka. Ni kama ukiwa nyumbani peke yako unasikia mtu anatembea chumba cha pili, kisha unasikia ameacha.

Nilikuja kuelewa kidato cha tatu, na mwalimu wa Baiolojia hakujua kwamba alikuwa ananieleza meza yangu. Alisema msuli haujui kusukuma, unajua kuvuta tu, ndiyo maana misuli inakaa miwili miwili, mmoja unakunja, mwenzake unanyoosha. Alisema msuli haujiamulii. Unasubiri habari ipite kwenye neva, na habari nyingi hutoka kwenye ubongo, zinashuka kwa ile kamba nyeupe iliyo ndani ya uti wa mgongo. Lakini siyo zote. Ukikanyaga mwiba, habari inapanda kutoka unyayoni mpaka kwenye kamba, na kamba yenyewe inaagiza mguu ujikunje, papo hapo, bila kungoja. Ubongo unaambiwa baadaye, kama mwenyekiti wa kijiji anavyoambiwa ugomvi uliokwisha kuamuliwa. Na chumvi? Nilibaki darasani wengine wakitoka, nikamuuliza nikiwa naangalia sakafu. Akasema nyama mbichi kabisa bado ina nguvu iliyobaki ndani yake, na chumvi inaigusa pale pale habari za neva zinapofikia, basi msuli unavuta, bila kamba, bila ubongo, bila mtu.

Bila mtu. Niliandika hivyo pembeni ya daftari, nikapigia mstari. Nilifikiri imeisha.

Baba mdogo Anyosisye, mdogo wake baba, ndiye aliyenilea hapa mjini, yeye na mke wake, mama mdogo Bupe, kwa kuwa wazazi wangu wako Busale kwenye mpunga na shule yangu ilikuwa huku. Alikuwa mpanda michikichi. Anajifunga mkanda kiunoni, anauzungushia mti, anapanda akiwa ameegemea hewa, anashusha mikungu. Watu walimwita kwenye mashamba yao kwa sababu alikuwa hapandi kwa papara na alikuwa anaimba huko juu, ukawa unajua alipo kwa sauti. Mwaka niliokuwa kidato cha nne mkanda ulikatika. Waliokuwa chini walisema wimbo uliisha katikati ya neno.

Mgongo ulivunjika. Hospitali walifanya yao, wakamrudisha nyumbani akiwa hai, mikono mizima, kichwa kizima, na kuanzia kitovuni kushuka chini hakuna kitu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituonyesha namna ya kumkunja na kumnyoosha miguu kila siku ili isikakamae, namna ya kumgeuza na kumkagua ngozi asipate vidonda, maana hasikii maumivu. Na alisema, namkumbuka kabisa akisema, kwamba baadaye miguu inaweza kuanza kurukaruka yenyewe, na kwamba hiyo siyo kutembea. Mama mdogo alikuwa amekaa hapo hapo. Nadhani alisikia hadi neno "kuruka".

Ilianza na kitenge. Mchana mmoja wa mvua nilikuwa nasoma karibu na mkeka wake, yeye amelala, kitenge kimemfunika miguu. Kitenge kikasogea. Kikainuka kidogo kwenye goti, kikatetemeka, kikalala. Nikamtazama usoni. Alikuwa amesinzia, mdomo wazi, anapumua sawasawa. Kikainuka tena. Wadogo zangu, mimi nimeshika vichwa vya samaki vinavyofungua mdomo ndani ya beseni, lakini siku ile nilitoka nikasimama kwenye mvua.

Sikusema. Siku nyingine sasa, mama mdogo alikuwa anapika barazani kwa sababu ya mvua, baba mdogo amekaa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele, anazungumza na jirani aliye kwenye njia kuhusu bei ya kakao. Mkaa ukapasuka kwenye jiko. Kaa moja likaruka, likaangukia kwenye unyayo wake.

Mguu ulijivuta. Haraka, goti juu, kama wako au wangu. Kaa likabiringika chini.

Mama mdogo akaangusha mwiko. Akapiga magoti, akashika ule mguu kwa mikono miwili akawa analia na kucheka, jirani naye akaingia, na mama mdogo akawa anasema, "Bado yupo. Mmeona? Bado yupo." Naye aliwahi kuuza samaki kabla ya kuolewa. Meza ile ile, kanuni ile ile.

Mimi nilikuwa namtazama baba mdogo. Alikuwa bado amegeukia njiani. Alikuwa hajamaliza sentensi yake ya kakao. Kelele ndizo zilimgeuza, na akauliza kuna nini. Mguu wake ulikuwa umekwisha kuungua, umekwisha kujiokoa, umekwisha kutulia, na yeye alikuwa hajui.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika. Mama mdogo, ambaye tangu ajali alikuwa anakula kama anayeonja, alianza kula. Alianza kuimba akifagia. Alimwambia mchungaji, akaiambia kwaya, na ikapangwa kwamba Jumapili inayokuja baba mdogo atapelekwa mbele kanisani, wazee wawili watamshika kwapani, na wakati wa shukrani watamwachia asimame. Shati jeupe lilifuliwa, suruali ikapigwa pasi. Watu walipita kumpa mkono. Baba mdogo alikuwa anatabasamu na kila mtu.

Alhamisi aliniita. Mama mdogo alikuwa ameenda kwa mashemasi.

"Sekela," akasema, "wewe unawajua samaki."

Nikaitika.

"Huyu anayevuta mguu siyo mimi. Mimi nikiuambia inuka, hauinuki. Nikinyamaza, unainuka. Asubuhi nautazama, naona kama nimelazwa pamoja na mtu mwingine." Akakivuta kitenge juu ya magoti. "Nikimwambia mama yako mdogo, ataacha kula tena. Nisipomwambia, Jumapili wataniachia mbele ya watu na nitaanguka. Niambie wewe. Ni nani huyo?"

Hajawahi mtu mzima kuniuliza kitu na kungoja jibu namna ile. Nilimwambia. Nilimwambia kwa kuiangalia miguu yake, maana uso nilishindwa. Kwamba kamba imekatika juu, lakini kipande cha chini cha kamba bado ni kizima, bado kinapokea habari za unyayo na kuagiza misuli kama kilivyozoea, ila hakina tena wa kumpelekea taarifa juu, wala maagizo ya juu hayashuki. Hakuna mtu huko. Ni desturi tu ya mwili iliyobaki inafanya kazi.

Alifikiri. Akauliza kama ile spoku yangu ingeunyamazisha. Nikasema ndiyo. Akasema basi nisije nayo huku chumbani, na tukacheka wote wawili, na kucheka kwake kukaishia kwenye kitu kingine, nikageuka nikajifanya nafunga dirisha.

Ilibaki mama mdogo. Kumwambia kwa mdomo nisingeweza, na angesema naleta mambo ya shule. Jumamosi nilimwomba Mama Lugano kambale mmoja mzima, nikamleta nyumbani kwenye ndoo, nikamwomba mama mdogo anisaidie kumtengeneza huko nyuma ya nyumba. Alishika majivu bila kuuliza, mikono yake ilikuwa haijasahau.

Nilikata kichwa. Nikakiweka kwenye sinia upande wake, mdomo unafunguka na kujifunga. Mwili nikauweka kwenye ubao, mbali. Ukatulia. Kisha nikachukua kijiti chenye moto jikoni, nikaugusa mkia. Mwili wote ukajipinda kuukimbia moto.

"Mama mdogo, nani ameuambia mkia?"

Akafungua mdomo ajibu. Akatazama sinia. Kichwa kilikuwa kinafungua na kufunga mdomo vile vile, hakikuharakisha, hakikujali. Nikaugusa tena mkia. Ukakimbia tena. Mama mdogo alitazama mwili, akatazama kichwa, akatazama mwili. Nilimwona anaanza kuelewa, na nilitamani nimzuie.

Nikampa spoku. Hakuhitaji kuelekezwa. Aliingiza mwenyewe, mwili ukanyooka, mkia ukatanuka, ukalegea. Nikagusa na moto. Kimya. Kichwa kwenye sinia kikafungua mdomo mara moja zaidi.

Mvua ilikuwa inaanza, matone makubwa yale ya huku yanayopiga mgomba kama vidole. Mama mdogo aliketi chini kwenye udongo. Alikaa muda mrefu na spoku mapajani.

"Kwa hiyo yeye yuko huku," akasema, akiegemeza kidole kwenye sinia.

"Ndiyo, mama."

"Na kule?"

"Kule ni kwake. Ila habari hazifiki."

Akaniuliza kama baba mdogo anajua. Nikasema yeye ndiye aliyeniuliza. Hapo ndipo alipolia, na haikuwa kwa sababu ya mguu. Alisema siku zote hizo alikuwa anaushangilia mguu, anauita jina lake, anaubusu, na mume wake mwenyewe amekaa pale juu anatazama. Kisha akanawa mikono, akampika yule kambale kwa mawese na nyanya, tukala, na alikula. Nilihesabu hilo kuwa ushindi wangu.

Jumapili asubuhi nilikuwa mlangoni na viatu vyake. Mama mdogo alikuwa anamvalisha suruali, kazi ambayo huwa inamchosha, miguu mizito inabidi uinue kwa mkono mmoja na kuvuta nguo kwa mwingine. Alihangaika, akaacha. Akautazama mguu kama anavyomtazama mteja msumbufu. Kisha akakwaruza unyayo kwa ukucha, kidogo tu.

Goti likapanda lenyewe. Akapitisha suruali chini yake kabla halijashuka.

Wakatazamana. Baba mdogo akasema, "Huyo bwana ana adabu kumbe." Mama mdogo akakwaruza unyayo wa pili, goti la pili likapanda, suruali ikapita. Kanisani alienda akiwa amekaa kwenye kiti, mashemasi wamekibeba, na wakati wa shukrani mama mdogo ndiye aliyesimama. Alisema anashukuru kwamba mume wake anaongea naye. Mchungaji alikuwa na busara ya kuanzisha wimbo.

Mtaalamu wa mazoezi alipokuja tulimwonyesha ule ujanja. Alisema wapo wengi wanaoishi hivyo, hakuna ubaya, ila tukague ngozi, na tuchunge mguu usimrushe akiwa ukingoni mwa kitanda. Alimfundisha kuufanya mwenyewe kwa fimbo ndefu ya mwanzi. Sasa anavaa peke yake.

Kwa hiyo wadogo zangu, mkikuta kipande kinacheza, kiwekeni pembeni kama Mama Lugano alivyotufundisha. Msimbishie, naye bibi wa watu ana sababu zake. Kifunikeni na kiganja mpaka kimalize. Msipige kelele, wala msimwambie mteja kwamba bado yupo, kwa sababu hamjui nyumbani kwake kuna nani amelazwa.

Mabegi yangu yako mlangoni. Asubuhi hii nilipita chumbani kuaga, nikamkuta baba mdogo ameketi, suruali mapajani, anaunyooshea mwanzi unyayo wake. Alikwaruza. Tukangoja, mimi na yeye, kama mtu aliyebisha hodi anavyongoja kusikia hatua za mtu ndani. Goti likapanda. Yeye akaliinamishia kichwa, kwa heshima kabisa, kama unavyomwinamishia mgeni usiyemfahamu.

"Ndaga," akalishukuru. Akapitisha suruali.